Kwenda Nairobi kutazama sanaa ya kisasa ukitokea Kisumu, Nakuru au Magharibi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya wanaotoka Nakuru, Kericho, Kisumu, Kakamega na vitongoji vyake, wenye siku moja au mbili za kutazama sanaa ya kisasa jijini Nairobi. Wengi huanza kwa kuuliza nauli. Sisi tumeliweka mbele swali ambalo watu husahau kuliuliza.

Nianze wapi kupanga safari?

Anza na kinachoonyeshwa, ndipo ufikirie basi. Jumba la historia ukilitembelea Januari au Agosti utakuta mifupa ileile kabatini. Sanaa ya kisasa haikai hivyo. Maonyesho hudumu ukutani miezi miwili, mitatu, kisha hushushwa, mashimo ya misumari huzibwa, kuta hupakwa rangi upya na kazi nyingine kupandishwa. Kipindi hicho cha katikati huweza kuchukua wiki moja hadi tatu, na mlango huwa umefungwa ingawa ramani ya simu inakuambia pako wazi. Msafiri aliyetoka Kisumu usiku kucha akigonga mlango katika wiki hiyo hana wa kumlaumu.

Kwa hiyo tafuta mambo matatu kwenye kurasa za mahali penyewe: jina la maonyesho, tarehe ya kufunguliwa na tarehe ya kufungwa. Tarehe ya mwisho ikiwa imepita, piga simu. Ikiwa imebaki siku moja au mbili, piga simu pia, maana wakati mwingine kazi huanza kufungwa kwenye makasha mapema. Uliza vilevile siku za wiki. Sehemu nyingi za binafsi hupumzika Jumatatu, nyingine hata Jumapili, na kuanzia katikati ya Desemba hadi wiki ya kwanza ya Januari nyingi hufungwa kabisa.

Hiyo makumbusho ya sanaa ya kisasa yenyewe iko wapi?

Ukitarajia jengo moja kubwa la serikali lenye sanaa ya kisasa tu, hulipati. Kuna sehemu kadhaa, kila moja na kazi yake.

Iliyo karibu zaidi na hicho unachokitafuta ni Nairobi Contemporary Art Institute, maarufu kama NCAI. Ilianzishwa na mchoraji Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi wa 1984, na ni taasisi isiyo ya kibiashara: haiuzi picha, na kuingia ni bure. Iko ndani ya Rosslyn Riviera Mall, Limuru Road. Watu huipita wakiitafuta barabarani kwa sababu hawatarajii sanaa juu ya maduka.

Makumbusho ya Kitaifa ya Nairobi, pale Museum Hill, huwa na vyumba vya maonyesho ya sanaa pamoja na historia, ndege na mabaki ya binadamu wa kale. Hufunguliwa kila siku, sikukuu zikiwemo, kuanzia saa mbili na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni. Ukishafika, mpe dakika kumi yule kijana wa Turkana, mifupa iliyopatikana 1984 karibu na Nariokotome. Si sanaa, ila ni kosa kumpita.

Nairobi Gallery iko kwenye pembe ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, katika jengo la 1913 lililokuwa ofisi ya Mkuu wa Mkoa. Humo mna sehemu ya mkusanyiko wa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966. Hapo ndipo penye alama ya sifuri ambayo umbali wa barabara za nchi hii ulipimwa kuanzia kwake, kwa hiyo zile kilomita 350 hivi zako kutoka Kisumu zinaishia mlangoni.

Kisha kuna magalari ya kuuza: Circle Art Gallery, One Off iliyoko Rosslyn tangu miaka mingi, Banana Hill Art Gallery na mengineyo. Hizo nazo hutozwi kitu kwa kuingia kutazama.

Je, lazima nifike mjini kwanza?

Hapana, na hapa ndipo watu wa upande wetu wanapopoteza saa mbili bure. Basi na matatu zote za kutoka Nakuru na Kisumu huingia Nairobi kwa Waiyaki Way: Kikuyu, Uthiru, Kangemi, Westlands, kisha Museum Hill. Ukienda hadi River Road au Nyamakima, itakubidi urudi nyuma njia uliyokuja nayo, tena kwenye foleni.

Mwambie kondakta mapema, kabla ya Kangemi, kwamba unashukia Westlands. Kaa na begi lako mapajani au chini ya kiti; ukiliweka kwenye buti, dereva hatafurahi kusimama kando ya barabara kuu kulitafuta chini ya magunia. Kutoka Westlands, Makumbusho ya Kitaifa ni mwendo mfupi wa matatu au pikipiki. Kwenda NCAI, chukua teksi ya programu ya simu, au kama unabana matumizi ingia mjini na upande matatu ya Ruaka na Banana, namba 106, inayopita Limuru Road. Mwambie kondakta akushushe Rosslyn, baada ya Village Market na kabla ya kufika Ruaka.

Mwenye gari lake au basi la shule kutoka Nakuru ana njia bora zaidi: kata Gitaru, ingia barabara ya Western Bypass, pitia Wangige na Ndenderu, tokea Ruaka, kisha fuata Limuru Road kuelekea mjini hadi Rosslyn. Hutaona foleni ya Westlands hata kwa mbali.

Kutoka Nakuru, naweza kwenda na kurudi siku hiyohiyo?

Ndiyo. Ni kilomita 160 hivi. Ukiondoka saa kumi na mbili asubuhi, kwa kawaida saa tatu au saa tatu na nusu uko Westlands. Sehemu nyingi za sanaa hufunguliwa saa nne. Tazama mbili, si zaidi, na uwe ndani ya gari la kurudi kufikia saa kumi jioni. Epuka kurudi Jumapili jioni na siku ya mwisho ya wikendi ndefu, maana Naivasha na Gilgil hugeuka maegesho.

Na kutoka Kisumu?

Siku moja haitoshi kwa barabara. Wengi hupanda basi la usiku na kufika kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Tatizo lake ni kwamba hakuna mlango wa sanaa unaofunguliwa saa hiyo. Usitoke kituoni na mizigo gizani. Kampuni kubwa za mabasi zina vyumba vya kungojea, kaa humo hadi kupambazuke. Kisha panga siku kwa saa za kufungua: Makumbusho ya Kitaifa saa mbili na nusu, NCAI au galari mchana, chakula Ruaka, lala Nairobi, rudi kesho yake kwa basi la asubuhi.

Kuna anayerudi usiku huohuo. Inawezekana, lakini baada ya kukosa usingizi usiku mmoja, kufikia saa nane mchana unatazama picha bila kuiona. Ndege ya Kisumu hadi Nairobi ni chini ya saa moja, na ukikata tiketi mapema katikati ya wiki bei huwa si ya kutisha sana.

Malipo yako vipi?

NCAI na magalari: bure. Makumbusho za serikali hutoza kiingilio, na raia wa Kenya hulipa kidogo kuliko mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho. Malipo hupitia eCitizen, si pesa taslimu dirishani. Fungua akaunti ukiwa nyumbani na uhakikishe unakumbuka nywila, kwa sababu foleni ya langoni hujengwa na watu wanaotafuta nywila. Mtu mmoja anaweza kulipia kundi zima. Simu iwe na chaji.

Begi langu litaruhusiwa?

Dogo, ndiyo. Kubwa la mgongoni litaachwa mlangoni, au utaambiwa ulivae kifuani. Anayevaa begi mgongoni husahau upana wake. Akigeuka kusoma maelezo ya ukuta wa pili, begi hugonga ukuta wa kwanza. Miavuli yenye maji, chupa zilizo wazi na chakula hubaki nje. Makombo huleta panya na wadudu, na mdudu akishamaliza mkate huhamia kwenye karatasi na gundi ya fremu.

Mbona hairuhusiwi kugusa hata kidogo? Mimi mikono yangu ni safi.

Mkono safi una mafuta na chumvi. Alama ya kidole kwenye shaba au chuma iliyosuguliwa haionekani leo. Baada ya miezi inatokea kama doa jeusi ambalo haliondoki. Kwenye turubai, kidole kikibonyeza kutoka mbele huacha mpasuko mdogo wa rangi ambao huendelea kukua. Weka umbali wa mita moja hivi. Ukitaka kuonyesha kitu, onyesha kwa mkono uliokunjwa, usinyooshe kalamu. Zipo kazi zilizotengenezwa ziguswe au zipitiwe ndani. Hizo huwa na maandishi yanayosema hivyo, na askari wa chumba atakuambia.

Kuna picha imetoboka na ina mshono katikati. Imeharibika?

Yumkini umesimama mbele ya kazi ya lubugo. Armitage huchora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba kinachotengenezwa Uganda. Gome huvuliwa, hulainishwa kwa maji ya moto au mvuke, kisha hupondwa kwa nyundo za mbao hadi linyumbuke na kupanuka. Palipokuwa na kifundo cha tawi hubaki tundu, palipochanika hushonwa. Mchoraji hazifichi alama hizo: tundu linaweza kuangukia kwenye uso wa mtu au katikati ya anga, na picha ikajipanga kulizunguka. Ujuzi wa kutengeneza kitambaa hicho uliwekwa kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Sogea pembeni ya kazi hiyo na uitazame kwa mshazari. Utaona rangi ilipozama kwenye nyuzi na ilipokaa juu tu. Picha ya simu haikuonyeshi hayo.

Kwa nini vyumba vingine vina mwanga hafifu?

Karatasi, kitambaa na picha za kamera hufifia kwa mwanga, na kilichofifia hakirudi. Kipimo kinachofuatwa katika makumbusho nyingi ni lakisi (kizio cha kupimia mwanga) 50 kwa kazi za karatasi na hadi 200 kwa rangi za mafuta. Chumba cha ofisi huwa na 300 hadi 500, ndiyo maana ukitoka juani unaona giza. Simama dakika tatu bila kutazama simu; macho yatazoea.

Naweza kupiga picha?

Mara nyingi ndiyo, kwa matumizi yako, bila flashi wala vijiti vya kushikia simu. Penye alama ya kamera iliyokatwa, usipige. Ukiituma mtandaoni andika jina la msanii na la kazi. Haki za kazi ya sanaa nchini Kenya hulindwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo kuchapa picha yake kwenye fulana za kuuza ni kesi.

Yale maandishi madogo kando ya kazi yanasomwaje?

Jina la msanii, mwaka na mahali alipozaliwa, jina la kazi na mwaka ilipotengenezwa, vifaa, vipimo kwa sentimita, urefu wa kwenda juu ukitangulia upana, kisha kina kama ni sanamu, mwishoni, mwenye kazi au aliyeiazimisha. Mstari wa vifaa ndio wenye faida kubwa na ndio unaorukwa zaidi. Mengi huandikwa kwa Kiingereza. Wahudumu huzungumza Kiswahili. Waulize, ndiyo kazi yao, na wengi wao ni wasanii au wanafunzi wa sanaa.

Ushauri wetu: tazama kwanza, soma baadaye. Ukianza na maandishi, jicho linakwenda kuthibitisha lilichoambiwa.

Nyingine zinaonekana kama mtoto angeweza kuzichora. Mnatudanganya?

Swali la haki. Baadhi ya kazi ni dhaifu kweli na si lazima uzipende. Lakini kabla ya kuhukumu, tafuta kazi tatu za mtu huyohuyo. Mchoraji kama Sane Wadu, aliyezaliwa 1954, aliacha ualimu miaka ya 1980 akawa msanii. Mistari yake ni ya haraka, miili imepinda, mnyama na mtu wameshikana. Ukiona moja unaweza kusema ni uzembe. Ukiona ishirini zimepangwa kwa miaka, unagundua kwamba upindaji ule ni uamuzi anaourudia na kuubadilisha. NCAI ilimfanyia maonyesho makubwa 2022, na baadaye ikaonyesha "Mwili, Akili na Roho", yenye wasanii kumi wa Afrika Mashariki, wakiwemo Jak Katarikawe, Theresa Musoke, Elimo Njau na Chelenge van Rampelberg. Sane Wadu mwenyewe anaishi Naivasha, kaunti ya Nakuru.

Huku kwetu hakuna cha kutazama?

Kipo, ila si cha aina hiyo. Makumbusho ya Kisumu, iliyofunguliwa 1980, ina boma la Kijaluo lenye nyumba zilizopangwa kwa taratibu za ukoo, samaki wa ziwa na nyoka. Kitale wana makumbusho yao, na Nakuru ina Hyrax Hill yenye makazi ya kale. Kwa uchongaji nenda Tabaka, Kisii, machimbo ya mawe laini. Elkana Ong'esa, mzaliwa wa huko, ana sanamu yake makao makuu ya UNESCO, Paris. Ukishaona jinsi jiwe la Tabaka linavyokatwa na msumeno na kusuguliwa kwa msasa na maji, utatazama sanamu za Nairobi kwa jicho la fundi.

Mimi ni mwalimu. Nipeleke darasa vipi?

Andika barua wiki tatu au nne kabla. Taja idadi ya wanafunzi, umri, darasa, tarehe, saa ya kufika na namba ya mwalimu mmoja atakayepokea simu njiani. Usiandike "wanafunzi wapatao hamsini", andika 48. Vyumba vya sanaa ni vidogo, na kundi la watu zaidi ya 20 hujaza mlango. Gawa: nusu ndani, nusu nje wakila, kisha wabadilishane. Mtu mzima mmoja kwa kila wanafunzi kumi, naye atembee nyuma yao, asiwe mbele.

Mabasi ya shule hayaruhusiwi kusafiri usiku. Shule ya Nakuru inaweza kurudi siku hiyo ikitoka mapema. Ya Kisumu au Kakamega ipange malazi, la sivyo itakwama njiani jioni.

Kila mwanafunzi abebe daftari dogo na penseli. Kalamu za wino, rangi na gundi zibaki kwenye basi, kwa sababu wino ukirukia ukuta mweupe au karatasi ya msanii hauna dawa. Kosa la kawaida ni kuwapa watoto maswali ya kujaza: wote hukimbilia maandishi ya ukutani, wanayanakili na hakuna aliyeinua macho. Badala yake, kila mmoja achague kazi moja, akae chini mbele yake dakika tano bila kuandika, aichore dakika kumi, ndipo asome jina lake. Wa sekondari ya juu wanaoelekea njia ya Sanaa na Spoti waongeze swali moja: kilitengenezwa kwa hatua gani, ipi ilitangulia?

Mkichelewa kwa foleni pigeni simu kabla ya saa mliyoahidi. Huenda kuna shule nyingine nyuma yenu.

Watoto wadogo je?

Dakika arobaini, kazi tano au sita, kisha nje. Mshike mkono penye sanamu za chini.

Niende usiku wa uzinduzi?

Kama unataka kukutana na wasanii, ndiyo. Huwa ni bure na watu huongea. Kama unataka kutazama kazi, nenda siku nyingine, maana migongo itakuziba.

Naweza kununua kazi na kuisafirisha kwa basi?

Makumbusho haiuzi. Galarini, omba orodha ya bei. Nukta nyekundu kando ya kazi maana yake imeshanunuliwa. Si soko la Kibuye, usianze na nusu bei, lakini kuomba kulipa kwa awamu ni jambo la kawaida. Dai risiti na hati yenye sahihi ya msanii.

Turubai lisilo na fremu hukunjwa kama mkeka, upande wenye rangi ukiwa nje, kuzunguka bomba lenye kipenyo cha sentimita 10 au zaidi. Ukikunja rangi ndani inabanwa na kupasuka ukilifungua. Uliza ilichorwa lini: rangi nene ya mafuta huchukua miezi sita hadi mwaka kukauka kabisa, na plastiki ikigusa rangi mbichi hunata na kuibandua. Tanguliza karatasi laini isiyo na nta, plastiki ije juu. Kazi yenye fremu iwekewe kadibodi kwenye pembe nne, isimame wima nyuma ya viti vya mwisho. Kwenye buti kuna joto, vumbi na, ukielekea kwetu, karibu kila mara ndoo ya mtu fulani.

Nimefika Rosslyn nikakuta pamefungwa. Sasa?

Usirudi mjini. One Off iko karibu, Rosslyn Lone Tree, na matatu ileile ya 106 inakwenda mbele hadi Banana, iliko Banana Hill Art Gallery. Piga simu zote mbili ukiwa bado umekaa mahali penye kivuli. Zikiwa zimefungwa nazo, Makumbusho ya Kitaifa huwa wazi hadi saa kumi na moja na nusu, ila uwe langoni kabla ya saa kumi upate muda wa kutosha ndani.